Mama Aliyeshusha Meza

Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri, maana leo nimesimama hapa nikiwa nimeudhika na sitaficha. Kulikuwa na mama mmoja. Jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja, watu arobaini humu kanisani watadhani nimewasema wao. Mama huyu alikuwa anapiga pasi katika hoteli moja ya watalii. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, vyote vilipita mikononi mwake, na alikuwa fundi haswa. Shuka likitoka kwake unaogopa hata kulilalia.

Sasa sikilizeni habari ya meza. Kabla yake kazi ile ilikuwa ya mzee mmoja mwenye mguu mbovu, asiyeweza kusimama muda mrefu. Hoteli ikamhurumia, akaitwa seremala, miguu ya meza ikakatwa ili mzee apige pasi amekaa. Jambo jema kabisa. Mzee akastaafu, akarudi kwao na mguu wake, meza ikabaki. Akaja mama huyu, mrefu wa kutundika pazia bila kupanda kiti, akapewa meza ile ile fupi. Kukaa haiwezekani, kwa sababu siku hizi ni mashuka ya vitanda vya futi sita, lazima usimame uyavute. Basi akainama. Akainama mwaka wa kwanza, akainama wa pili, akainama miaka kumi na moja.

Mnajua mgongo wa mtu wa namna hiyo unakuwaje? Akiamka asubuhi, kabla hajasalimia watoto, anashika kwanza ukuta. Amejichua kwa mafuta ya kila aina mpaka majirani wanajua amepita kwa harufu. Amefunga kanga kiunoni, amelala sakafuni, amemeza vidonge. Na kanisani kwao kila Jumatano, mchungaji akisema wagonjwa wapite mbele, yeye ndiye wa kwanza. Mchungaji anamwekea mikono, anaomba mpaka jasho linamtoka, mama anarudi nyumbani amenyooka. Alhamisi saa mbili asubuhi yuko mezani, ameinama. Na sisi wachungaji nasi mtusamehe. Mikono tunaiweka mgongoni, lakini hakuna hata mmoja aliyemuuliza, mama, kwani kazi yako ni ipi?

Meneja akipita na kumuuliza, "Mama, habari za kazi?" jibu lilikuwa moja. "Salama bosi. Hakuna shida. Namshukuru Mungu." Na anatabasamu! Meneja akigeuka tu, uso wa mama unakunjamana.

Kila mwezi wa kumi na mbili hoteli ile ilikuwa inagawa fomu kwa wafanyakazi. Maswali matatu tu. Una tatizo gani kazini? Ungependa kujifunza nini? Ungependa kufanya kazi gani siku zijazo? Kwa hilo la tatu mama alikuwa na jibu lake moyoni, tena lilikuwa linamuwasha. Alitaka usimamizi wa idara ya kufulia. Aliijua idara ile kuliko aliyeijenga. Lakini mwaka wake wa kwanza mwenzake mmoja alimnong'oneza, "Ukiandika tatizo, wewe ndiye utakuwa tatizo." Na yeye mwenyewe alijiambia, kama wananitaka wataniita, wanajua nilipo. Basi akawa anachukua kalamu, anaandika mstari mmoja, anarudisha fomu.

Siku moja akaletwa mfanyakazi mgeni, mwanamke wa makamo ya mdogo wake. Mama akawa na zamu ya asubuhi, mgeni zamu ya mchana, meza ni ile moja. Mgeni alipofika tu akasimama akaitazama, akacheka.

"Dada, hii meza mbona mnaipigia magoti?"

"Ndivyo ilivyo," mama akasema.

"Umewaambia?"

"Si wanaona wenyewe?"

Mgeni hakubishana. Alimaliza zamu yake ya kwanza, akaenda kwa seremala wa hoteli ambaye alikuwa anakunywa chai yake pale nyuma, akamwomba vigogo vinne vya mbao. Seremala akavikata kwa dakika ishirini, akamsaidia kuviweka chini ya miguu ya meza. Basi, imekwisha. Jambo la miaka kumi na moja liliisha chai ikiwa bado ya moto.

Asubuhi mama akafika, akakuta meza imepanda. Akaweka shuka la kwanza, akapiga. La pili. La tatu. Mgongo kimya. Akajinyoosha, akashusha pumzi ndefu, na nawaambia machozi yalimlengalenga, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kufanya kazi bila kuumia. Halafu hofu ikamwingia. Bosi akipita atauliza nani katoa ruhusa. Wataniona mjuaji. Watasema huyu naye kazeeka, sasa anataka meza maalumu.

Unajua alifanya nini? Huyu mama, kwa mgongo ule ule mbovu, alishika meza nzito akaiinua mguu mmoja baada ya mwingine, akavitoa vile vigogo vinne, akavipanga pembeni kwa adabu. Kisha akainama, akaendelea na kazi. Jamani! Jamani!

Mchana mgeni akaja, akakuta meza chini, akairudisha juu. Asubuhi mama akaishusha. Mchana ikapanda, asubuhi ikashuka. Wiki tatu nzima! Mwishowe mgeni akawahi kufika, akamkuta amepiga magoti anavuta kigogo cha mwisho.

"Kumbe ni wewe dada? Mimi nikadhani ni walinzi. Kwa nini lakini?"

"Hatujaambiwa tuiinue."

"Na tuliambiwa lini tuumie?"

Mama akakung'uta magoti, akachukua mkoba wake, akaondoka amenuna. Njia nzima analalamika moyoni, huyu mtoto amekuja juzi tu, anajifanya anaijua kazi.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika, fomu zikagawiwa. Mgeni akajaza mpaka nyuma ya karatasi. Akaandika habari ya meza, akaandika habari ya joto na dirisha lililopigiwa misumari, akaandika kwamba anataka kujifunza zile mashine mpya za kufulia, na kwamba siku moja angependa kuisimamia idara. Mama akaandika mstari wake.

Miezi miwili baadaye tangazo likabandikwa. Msimamizi mpya wa idara ya kufulia ni nani? Ni yule mgeni.

Hapo mama aliumia kuliko mgongo ulivyowahi kumuumiza. Alilia chooni. Kwenye chai aliwaambia wenzake kwamba amerogwa, kisha akasema ameonewa, kisha akasema ni ukabila. Wenzake wakamwambia nenda kwa meneja. Na kweli akaenda. Njiani alikuwa anajipanga. Leo nasema yote. Nasema meza, nasema mgongo, nasema miaka kumi na moja. Moyo unamdunda, lakini miguu inakwenda.

Meneja akamkaribisha vizuri, akampa kiti. "Mama, najua kilichokuleta. Hata mimi hilo jambo limeninyima raha." Akafungua kabati, akatoa faili lake, akaanza kutoa fomu moja moja na kuzisoma kwa sauti. Mwaka wa kwanza, "Hakuna shida. Namshukuru Mungu." Mwaka wa pili, "Hakuna shida. Namshukuru Mungu." Mwaka wa tano hivyo hivyo. Mwaka wa tisa hivyo hivyo. Fomu kumi na moja zikalala pale mezani, mwandiko mmoja, mstari mmoja.

"Mama," meneja akasema, "mara mbili nimetaka nikupendekeze. Wakubwa wananiuliza, yeye mwenyewe anataka? Nafungua faili, nakuta mtu aliyetosheka na alipo. Ningewaambia nini?"

Mama ameinamisha kichwa. Meneja akachukua karatasi mpya, akafungua kalamu.

"Lakini hatujachelewa. Kuna mafunzo ya usimamizi mwezi ujao, nafasi moja imebaki. Na hiyo meza nasikia ni fupi. Sasa hivi nakuuliza kwa mdomo wangu, na ninaandika. Una shida gani? Unataka nini?"

Kalamu iko juu ya karatasi. Kila alichokililia kwa miaka kumi na moja kiko mbele yake, kinasubiri atamke tu. Mama akainua uso. Mgongo unamchoma pale pale alipokaa. Akafungua kinywa, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema,

"Hapana bosi. Hakuna shida. Namshukuru Mungu."

Mnacheka? Naona mnacheka. Wewe mama wa kiti cha tatu, unacheka nini? Wewe kijana uliyeniletea juzi ombi lako kwamba bosi wako hakuoni, umewahi kusimama mbele yake akakuona? Yule mama alitoka ofisini, akafunga mlango taratibu, kesho yake akavitoa tena vile vigogo, akainama kwenye meza fupi. Ile nafasi ya mafunzo akapewa mtu mwingine. Na Jumatano alipita mbele kuombewa mgongo. Mimi hiyo hadithi hainichekeshi, inanikera!

Inanikera kwa sababu mama huyu si mvivu. Angekuwa mvivu ningemwacha. Ni mchapakazi, ni mwaminifu, ni mtu wa sala. Kilichomwangusha ni uongo, tena uongo aliouvisha jina la Mungu. Miaka kumi na moja anatia sahihi kwamba hakuna shida, na hapo hapo anaandika Mungu kama shahidi! Kisha anakuja kanisani kumwambia Mungu yule yule kwamba shida zimemzidi. Sasa Mungu amsikilize yupi, wa kwenye fomu au wa Jumatano? Tunasema huo ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Ile ni hofu, na tumeipamba kwa shukrani mpaka tunaiona ni ibada. Kushukuru ni kumtambua Mungu kwa alichokupa, si kumtumia Mungu kufunika meza mbovu.

Na nyie mabosi mlioko humu, msijipanguse jasho kana kwamba hayawahusu. Meneja yule alipita pale miaka yote. Alimwona mtu mrefu kwenye meza fupi, akatosheka na kuambiwa salama. Macho aliyapewa ya nini? Kama mfanyakazi wako anakujibu kila siku hakuna shida, kajiulize amejifunzia wapi kukuogopa. Dhambi hiyo ni yako, na nitairudia Jumapili nyingine kwa urefu wake.

Lakini leo nina maneno na sisi, sisi tunaoinama. Ndugu zangu, sisi ndio tunaojua panapouma. Meneja haumwi na mgongo wetu. Tunasubiri tuitwe, tunasubiri tuonwe, tunasubiri mtu fulani atoke mbinguni na vigogo vinne, na seremala yuko pale nyuma anakunywa chai! Na akitokea mwenzetu akainua meza, tunaishusha. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Mwalimu mpya akija na njia nzuri ya kugawana vipindi, tunamwita mjuaji. Muuguzi akiomba viti vya zamu ya usiku, tunasema amezoea starehe. Karani akijilipia kozi ya kompyuta jioni, tunamcheka, akipanda cheo tunasema amependelewa. Nani alitutuma kulinda mateso yetu wenyewe kiasi hiki?

Sisemi mkawe wakorofi. Sisemi mkapige meza za watu ngumi. Nasema ukiulizwa, jibu kweli. Usipoulizwa, omba nafasi useme, kwa heshima, na kichwa kikiwa juu. Kama kuna jambo la kujifunza, andika jina lako kabla hujaandikiwa. Kama kuna kitu unaweza kukirekebisha kwa mikono yako bila kumdhuru mtu, kirekebishe leo. Inawezekana ukakataliwa, ndiyo. Watu wanakataliwa. Lakini aliyekataliwa anajua pa kuanzia kesho, na aliyenyamaza hajui hata kama mlango ulikuwa umefungwa.

Kwaya, msianze. Kaeni. Sijasema amina na sisemi kwanza. Kila mtu amgeukie jirani yake sasa hivi, amtajie jambo moja la kazini kwake, moja tu, ambalo kesho kabla ya saa nne asubuhi atalisema au atalifanya. Siyo kunong'ona na Mungu, Mungu analijua. Mwambie jirani, ili Jumapili ijayo akuulize. Mbona mnatazamana? Nyie wa nyuma, sioni midomo ikitembea. Mimi nina siku nzima. Haya, semeni!