Risasi Nzito ya Osmunda

"Risasi nzito haina papara." Wachezaji wa timu ya wasichana walikuwa wameusikia msemo huo kwa kocha wao, wakaenda kumuuliza Mzee Hinju, dereva mstaafu wa kituo cha askari wanyamapori, maana risasi na mpira vina uhusiano gani? Mzee akacheka kidogo, akawaambia msemo ule una mwenyewe, na kisa chake ni hiki.

Osmunda Ngonyani alikuwa askari wa kituo kilichopakana na mashamba. Walipoingia vichakani kufuata nguruwe pori, mahali bunduki ndefu hukwama kwenye matawi, askari walibeba bastola kubwa za silinda ya kuzunguka, zenye mdomo mpana. Stoo ilikuwa na risasi za aina mbili. Kulikuwa na zile kali, za kichwa chepesi na baruti nyingi, na zile za pole, za kichwa kizito na baruti ya kiasi. Karibu wote walichukua kali, maana nani alitaka kuitwa mwoga?

Osmunda naye alichukua kali. Kila alipofyatua, bastola ilimruka mkononi na kumpiga kiganja kama nyundo, mpaka mkono ukajifunza hofu. Kidole kilipogusa tu kifyatulio, macho yalikwisha fumba. Shabaha ikabaki nzima. Mkuu wa kituo akamwonya kwamba akishindwa tena atapelekwa kukaa getini, naye kazi ya porini ndiyo aliyoipenda tangu utotoni.

Mwenzake wa doria, Fridolin Nchimbi, alimkuta amekaa nyuma ya uwanja wa shabaha akijikanda kiganja. Akampa risasi za pole.

"Hizi ni za wazee, afande," Osmunda alisema.

"Nguruwe haulizi risasi imekuja kwa kasi gani," Fridolin alijibu. "Anauliza imempata wapi. Hii ni pana na nzito. Huzama hadi ndani bila kukimbizwa."

Osmunda alijaribu kwa shingo upande. Safari hii bastola haikumpiga, ilimsukuma tu, kama mtu anavyosukuma mlango. Macho yakabaki wazi. Kwa mara ya kwanza aliliona tundu likitokea kwenye shabaha, akajikuta anatabasamu peke yake. Tangu hapo hakuchukua nyingine, wenzake wakimtania wasimtanie.

Wakati wa palizi, nguruwe pori aliyekata waya wa mtego aliingia kwenye mahindi akiwa na jeraha na hasira. Alimjeruhi mkulima mmoja pajani, kisha akajificha kwenye matete kando ya shamba. Wanawake waliokuwa wakipalilia walikimbilia juu ya kichuguu. Osmunda na Fridolin wakaingia mateteni.

Nguruwe alitoka ubavuni. Fridolin, ambaye mwenyewe hakuwahi kuziacha zile kali, alifyatua haraka, risasi ikapita juu. Kabla hajashusha tena mdomo wa bastola alikwisha pigwa dafrao, yuko chini. Mnyama akageuka kumrudia.

Osmunda alitamani kufyatua papo hapo. Hakufyatua. Aliacha kichwa kipite, bega likafunguka, akafyatua. Nguruwe alipiga magoti, akalala karibu na miguu ya Fridolin, asiinuke tena.

"Nilidhani umechelewa," Fridolin alisema.

"Nilikuwa nasubiri bega."

Wanawake walishuka kichuguuni kusaidia kumbeba Fridolin. Mmoja alimuuliza Osmunda ilikuwaje akaweza kungoja namna ile. Osmunda alikuwa amemshika Fridolin mabega akimwinua. Fridolin ndiye aliyemjibia, "Risasi nzito haina papara," nao wakalichukua jibu lake mpaka nyumbani. Wakaanza kumwambia hivyo binti anayesukumwa kuolewa, na kijana aliyefeli mtihani akitaka kuacha shule.

Osmunda hakwenda getini. Alikuja kuwafundisha askari wapya, na kila mmoja alichagua risasi inayoufaa mkono wake bila kuchekwa.

Mzee Hinju akawaambia wasichana kisa kimeishia hapo. Kisha mshambuliaji wao, aliyezoea kupiga mpira golini akiwa mbali ili asinyang'anywe, akasema taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe: "Risasi nzito haina papara."