Mstari wa Majivu Sokoni Lumbiro

Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mmeapa? Vizuri. Mie sikuapa, basi nasema.

Hapo zamani Jumbe Ngwali wa Lumbiro aliwaogopa askari wake mwenyewe. Walikaa bila kazi, wakikitazama kiti chake kwa jicho la tamaa. Akawapeleka nchi ya mbali iliyokuwa vitani, wakasimame katikati. Huko wakachora mstari wa majivu baina ya maadui, wala hakuna aliyeuvuka. Wakashukuriwa, wakarudi na jemadari wao, Chande. Nduguye Chande hakurudi.

Jumbe akatangaza, "Mwezi ukiandama, mnakwenda tena."

Kulipokucha, mstari wa majivu umelala katikati ya soko letu! Nani kauchora? Hakuna aliyeona. Kuku walifika pale, wakageuka. Muuza samli na muuza chumvi, waliokuwa wakila sahani moja, wakatazamana kama wageni. Ukifagiwa, asubuhi umerudi.

Askari wakasimama juu yake, macho hayapepesi.

"Mama, simama hapo," askari akamwambia mnunuzi mmoja.

"Nafuata chumvi tu, baba."

"Mpaka jemadari aruhusu."

Watu wakaomba ruhusa. Wengine, sitawataja, wakapenda hata huko kuomba. Mwisho Jumbe mwenyewe akaomba ruhusa avuke kwenda msikitini.

"Safari hakuna tena," akasema Chande. "Kazi iko hapa."

Siku ya gulio, jua la utosi, mji mzima uko sokoni. Upepo ukapita, ukaukata mstari. Jumbe akaruka, "Umekatika! Askari, safari kesho!"

Ndipo tukasikia kitu kinachururika. Majivu! Yanatoka kwenye pindo la kanga ya mwanamke aliyejitanda mpaka machoni, anapita taratibu kwenye lile pengo. Chande akamdaka mkono, akamfunua uso.

Mamake! Bi Siwema, vidole vyeupe pe!

"Mwanangu mmoja amebaki kaburini huko," akasema mama. "Nilitaka huyu apate cha kulinda hapahapa. Nilimwaga majivu tu, kuzuia watu sikumtuma."

"Mie nimelinda mstari niliokuta," akasema Chande. "Jumbe ndiye aliyenifunza kazi hiyo."

"Niliwapeleka mbali ili mji ulale salama!" akafoka Jumbe.

"Mji, au kiti chako?" akadakia muuza chumvi.

"Na wewe," Chande akamgeukia, "ruhusa uliiomba ya nini? Nani alikushika mguu?"

Muuza chumvi akautazama mguu wake. Mkono wa mama ungali umeshikwa, majivu yanamwagika.

Haya, ninyi mlioapa, semeni: nani alistahili kupakwa majivu yale usoni?