Kibuyu cha Kura Hakina Jana

Kibuyu cha kura hakina jana. Mmeisikia methali hii sokoni leo na mnauliza ilikotoka. Ilitoka hapa hapa kwetu Upareni, kwa mkulima wa tangawizi aliyeitwa Elieneza.

Zamani hizo, kila baada ya mavuno, kijiji kilichezesha kura ya mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Aliyetaka kushiriki alitoa kikapu cha tangawizi, akapewa kijiti akichonge alama yake na kukitumbukiza kibuyuni. Tangawizi iliuzwa, mtamba akanunuliwa, na kilichobaki kilitengeneza mfereji wa maji. Kijiti kimoja tu ndicho kilichotolewa, na mwenye kijiti hicho akamchukua mtamba.

Elieneza alikosa miaka saba mfululizo. Mwingine angekata tamaa. Yeye kila alipokosa alizidi kuamini, akiona kila mwaka unamsogeza karibu na mtamba. Mwaka wa nane akaingia ghalani akaitoa tangawizi ya mbegu. Mkewe, Nakijwa, alimsihi asiiguse, maana mvua zilikuwa karibu. Elieneza akamjibu kwa upole kwamba zamu yao imefika, na safari hii angeweka vijiti vitano. Vitano aliviona vingi kwa kuwa alivitazama kiganjani mwake; hakuvitazama ndani ya kibuyu, kati ya mia mbili.

Siku ilipofika, Bi Rukia, mtunza kibuyu, alikitikisa, akaingiza mkono, akatoa kijiti cha Zuhura, bibi harusi aliyeolewa kijijini mwezi ule. Hicho kilikuwa kijiti chake cha kwanza.

Elieneza akasimama. "Bi Rukia, huyu amekuja juzi. Mimi nina miaka saba humo ndani."

Bi Rukia alikiinamisha kibuyu. Alivimwaga vijiti vyote mkekani. "Nionyeshe cha mwaka jana."

Elieneza akapiga magoti, akapekua. Aliviona vitano vyake, bado vibichi. Vya zamani hakuna.

"Vya zamani viko wapi?"

"Nilivichoma, mwanangu. Kila mwaka navichoma, kibuyu kinaanza kitupu. Hakikujui wewe wala hakimjui Zuhura. Hakina jana."

Mvua zikaanza, na shamba la Elieneza halikuwa na cha kupanda. Nakijwa hakumsema. Alichukua jembe akaenda kulima kibarua kwa watu, ujira wake mbegu. Siku mbili Elieneza alishinda ndani kwa aibu. Siku ya tatu akamfuata. Walilima mashamba ya wenzao hadi wakapata mbegu ya kupanda robo ya shamba lao.

Mavuno yaliyofuata, jirani mmoja alimkuta Elieneza akichagua tangawizi nzuri za kuweka mbegu. Akamwambia asikate tamaa, ameshakosa mara nane, mwaka huu mtamba hawezi kumpita.

Elieneza alifunga gunia la mbegu, akalibeba begani kulipeleka ghalani.

"Ndugu yangu," akasema, "kibuyu cha kura hakina jana."