Kwa Nini Kizingo Amelala Mbali na Bahari

Krrr, krrr. Usiku wa manane Nalemba alisikia kokoto zikiburutwa, akamkumbatia mwanawe. Enzi hizo bahari ilifika hapa hapa bondeni kwetu, penye mashamba ya ufuta, na usiku huo ilikuwa inahama. Kulipopambazuka, maji yalikuwa mstari tu kule mbali, na watu wakafunga mizigo kuyafuata.

Nalemba akabaki nyuma. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, maziwa yamemkauka kwa hofu na kiu, na mtoto alikuwa halii tena, anapumua tu. Mama mkwe alimhimiza ajikaze, kisha naye akatangulia.

Kwenye tope akamkuta Kizingo, yule mnyama wa baharini mwenye nyumba ya gamba iliyojiviringa kama pembe ya kondoo. Hakuna fundi aliyemfikia. Kila alipokua alijenga chumba kipana zaidi mbele, akahamia, akaziba nyuma yake, wala hakubomoa hata kimoja. Chumba cha utoto wake, kidogo kama punje ya mtama, kilikuwa bado kipo pale katikati. Kando yake walilala watoto wake, wadogo kama vifungo. Juu, korongo walikuwa wanazunguka.

"Wewe si unajua kuogelea, mbona hukuondoka usiku, bahari ile inakwenda, watakula hawa ndege, nenda basi, jivute, nenda," Nalemba alisema mfululizo.

"Na hawa nimwachie nani, mwenzangu?"

Nalemba alipiga magoti, akachimba kwa mikono, akawalaza mama na watoto, milango ya nyumba zao ikitazama chini, akawafukia. Alipochimba shimo la mwisho, likajaa maji, baridi, yasiyo na chumvi. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Jua lilipopanda maziwa yakashuka, na mtoto akanyonya, kisha akalia kwa hasira ya kucheleweshewa.

Korongo wakatua, wakataka kujua Kizingo yuko wapi.

"Mimi nanyonyesha, ya baharini nitayajulia wapi?" alijibu, amekalia lile tope.

Na tangu siku hiyo Kizingo yumo bondeni, amekuwa jiwe, vyumba vyake vyote vimesalimika. Wanawake wa huku huchimba maji ya kunywa penye mawe hayo. Mvua ikikata kingo za kijito na jiwe likajitokeza, mama anayeliokota hulisuuza, hulizungusha mkononi akistaajabia kazi ile, kisha hulifukia tena, mlango chini, na kulinong'oneza aliyoyasema Nalemba korongo walipoondoka: "Lala, mwenzangu. Sitamwambia mtu mwingine."