Darubini ya Minjila

Mwaka wa 1956, wiki chache kabla ya masika, gari la wapimaji lilipiga kambi Minjila, karibu na Garsen. Juu yake palifungwa darubini ya kutazamia alama za mbali huku gari likienda. Mbuga ya Tana ni pana mno kupimwa kwa miguu kabla ya mafuriko. Kwa darubini ile, kazi ya mwaka ingekwisha kwa mwezi, na barabara ya tuta ya kwenda kijiji cha Wema ingeanza kujengwa.

Fundi wa darubini hiyo alikuwa Kassim, mzaliwa wa Wema. Masika yaliyopita dada yake, Kibibi, alishikwa na uchungu wa uzazi kijiji kikiwa kimezingirwa na maji. Mtoto alikufa kabla mtumbwi haujafika Garsen. Kibibi akaapa kwamba hatabeba mimba nyingine mpaka barabara ipite, na kiapo hicho kilimuuma Kassim kuliko alivyoweza kusema.

Kabla ya kuanza kupima, darubini ilipaswa kufaulu jaribio moja, nalo lilikuwa jepesi kulieleza. Ubao mweupe wenye msalaba mweusi ulisimamishwa umbali wa nusu maili. Gari liende, na msalaba usitoke ndani ya duara la kioo mpaka mtu ahesabu mia. Siku tatu mfululizo Kassim hakufika hata kumi. Msalaba uliruka kama panzi. Kila uliporuka, alishika spana akaikaza darubini zaidi, kwa maana alifundishwa kuwa kilichokazwa hakitikisiki. Kumbe kila alivyokaza, ndivyo mtetemo wa injini ulivyopanda moja kwa moja hadi kwenye kioo! Fundi wetu alikuwa na elimu, lakini kichwa chake kilikuwa kigumu pia.

"Kesho ikishindikana, tunafunga virago," mkuu wa kambi alimwambia.

Asubuhi yake Barwako, mfugaji wa Kiorma aliyeleta maziwa kambini, alimkuta anahangaika. Akacheka.

"Wewe fundi, hiyo kitu unanyonga kwa nini?"

"Mama, hii si kazi ya maziwa," Kassim alijibu kwa ukali.

"Sawa. Lakini punda yangu imetembea tangu alfajiri, imeruka mitaro yote. Angalia maziwa."

Kassim akatazama. Chombo kilikuwa kimejaa hadi shingoni, kimening'inia kwa kanda nne za ngozi ndani ya fremu ya vijiti, wala hakikugusa mgongo wa punda. Hakuna tone lililomwagika.

"Ukifunga kwa mgongo, punda ikiruka na maziwa inaruka," Barwako akaeleza. "Ukiacha ining'inie, punda inaruka peke yake. Lakini kanda moja haitoshi, inakuwa bembea. Nne, kila pembe."

Kassim aliona haya kwelikweli. "Nisamehe, mama. Nionyeshe unavyofunga."

Wakafungua bolti zote. Wakaitundika darubini kwa kanda za Barwako ndani ya fremu ya chuma, na chini yake wakafunga mfuko wa mchanga uiongezee uzito. Mkuu wa kambi alikunja uso, ila akamwamuru dereva awashe gari.

Kassim akaweka jicho, akahesabu kwa sauti. Kumi. Arobaini. Gari likaingia shimoni. Msalaba ukayumba polepole, ukatulia ndani ya duara. Alipofika tisini sauti ilimkatika kwa kilio, naye Barwako, aliyepanda nyuma, akamalizia hesabu kwa Kiorma.

Vipimo vilianza siku hiyo hiyo. Kassim alituma salamu Wema: Kibibi aambiwe barabara inakuja, na aambiwe pia kwamba aliyeituliza darubini ni mama muuza maziwa ambaye hajawahi kushika spana. Ama kweli, akili ni nywele, kila mtu ana zake.