Kima na Jiwe la Habari

Hadithi, nije nisije?

Njoo, tumekaa!

Nije na utamu?

Njoo hata na uchungu!

Zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na Jiwe la Habari. Aliyeona tanzi la mwindaji njiani alichovya mguu kwenye udongo mwekundu, akaichora njia ile jiweni ili wengine waiepuke. Hakuna aliyemtuma. Waliopita walimwambia, "Pole na kazi!" Naye akajibu, "Nimeshapoa!" Basi. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake, na yalimtosha.

Digidigi alichora kuliko wote. Dada yake alinaswa na tanzi, akafa akimwita. Tangu hapo Digidigi aliapa: asinaswe mwingine.

Kisha wanyama wakamweka Kima kuwa mtunza jiwe. Weee! Kima akavimba kichwa.

Siku ya kwanza Digidigi akaja anahema. "Kuna tanzi njia ya mikunazi!" Akachora. Kima hakusema pole.

"Mstari umepinda," akasema, akaufuta kwa mkia.

Siku ya pili Digidigi akachora tena, mstari umenyooka.

"Shahidi wako nani?"

"Macho yangu, Bwana Kima."

"Macho yako ni yako." Akafuta.

Siku ya tatu Digidigi akaja na Kobe, maskini, kajikokota njia nzima. "Nami nimeliona tanzi," Kobe akasema. Wakachora wote wawili.

"Mmechora bila kupiga hodi," Kima akasema.

"Hodi? Kwani jiwe lina mlango?"

Kima akafuta.

Digidigi aliumia, jamani. Kuchoka alikuwa amezoea, lakini kufutwa kulimchoma moyo. Akaenda mtoni, akaosha kwato zake, akarudi kwake. Kobe naye akaacha. Swala akaacha. Jiwe likabaki jeupe, na Kima akajisifu, "Mnaona usafi huo?"

Siku moja mke wa Kima akatamani kunazi. Akalitazama jiwe: halina alama. Akasema, "Njia zote salama." Akaenda. Hakurudi.

Kima alimkuta amekufa ndani ya tanzi, kwenye njia ileile aliyoifuta mara tatu. Akalia mpaka sauti ikakauka. Kisha akakimbia kwa Digidigi.

"Pole na kazi, ndugu yangu. Pole kwa yote uliyochora."

Digidigi alimtazama sana. Alimhurumia, lakini moyoni hamkuwa na kitu tena.

"Nimeshapoa," akajibu.

Kima akarudi amefarijika. Si amejibiwa kama desturi? Akakanda udongo mwekundu, akakaa kando ya jiwe kumngoja Digidigi.

Udongo ukakauka. Akakanda mwingine. Nao ukakauka.

Basi, wenzangu, anayekufanyia kazi kwa hiari hakudai ila neno jema. Mpe angali na moto. Akishapoa, hata ukilia, humpati.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika. Mwenye sikio aondoke nayo.