Fisi Aliyekumbuka Ngoma za Utotoni

"Nawaita!"
"Tumeitika!"
"Nipeni masikio!"
"Chukua, ila uyarudishe!"

Hapo kale pimbi wawili, Chande na Mfaume, madume wote wawili, walipendana wakaishi pango moja. Wao na wenzao wa namna yao walizungumza na majirani taratibu, mmoja mmoja, ili wakubaliwe. Leo Sungura analainika, kesho Nungunungu. Mambo yakaenda.

Mkubwa wa bonde alikuwa Fisi, naye alilitamani pango lile kwa joto lake. Kila masika korongo walitoka ng'ambo wakaleta samaki, pwaa! pwaa! Fisi akala wa kwanza, akala na wa mwisho.

Masika moja korongo wakasikia Fisi anawasumbua pimbi. Wakagonga midomo, kata-kata-kata! "Waacheni pimbi, la sivyo hakuna samaki!"

Chande hakuulizwa. Alisikia tu, moyo ukamlipuka, paa!

Fisi hakuacha, samaki wakakatika, bonde likalala njaa. Fisi akaita baraza.

"Mnaona? Mapenzi haya yameletwa na korongo! Watoke! Pango nitalitunza mimi."

"Watoke!" wakaitikia wanyama, hata Nungunungu.

Mfaume akaanza kufunga virago. Chande akamshika mkono. "Ngoja kidogo, mwenzangu." Akasogea mbele, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Kabla hatujaondoka, tusimulie ngoma za utotoni mwako. Hawa wadogo hawakuziona."

Macho ya Fisi yakalegea.

"Aa, siku zile! Mbalamwezi, harufu ya mahindi ya kuchoma, ngoma ndi! ndi! ndi! Waimbishaji wetu mzee Tunzi na mzee Sudi, pimbi madume, pango lao lilelile. Mmoja hali mpaka mwenziwe arudi. Tunzi alipofariki, bonde zima tulikwenda kumpa pole Sudi. Mama alinituma na uji."

"Na korongo, mzee, walikuwa wameshafika?"

"Korongo? Thubutu! Hata unyoya wao tulikuwa hatujauona!"

Nungunungu akacheka, kwi-kwi-kwi, na wengine wakafuata. Fisi akaziba mdomo, neno limeshatoka. Wanyama wakarudi makwao.

Korongo wakashuka kwa kelele: "Tumeshinda! Kata-kata..."

"Taratibu, wageni wetu," akasema Chande. "Ahsanteni kwa moyo wenu. Samaki warudisheni, watoto wana njaa. Na siku nyingine mtuulize kwanza."

Jioni ile Fisi alipita karibu na pango, polepole, akiimba wimbo wa mzee Tunzi kwa sauti ndogo. Chande alimsikia, akamwacha amalize.

Ngano yangu imeishia hapo. Anayeitaka ndefu zaidi aende akaivute.

Na funzo lake, wanangu: msimuulize mkubwa habari za utoto wake. Anaweza kukumbuka.